Gemu la Felisian Ndani ya Diski ya Mama

Siku ya misa ya kumbukumbu ya mama, runinga yetu ilifyatua risasi.

Sitanii. Nyumba yetu ya Kasense imejaa watu, pombe ya ulezi iko tayari, kila mtu katulia anasubiri kumwona marehemu Evodia akiongea. Badala yake likatokea jitu lenye helmeti linachinja wenzake, damu zinaruka hadi kwenye kioo.

Mama mdogo Leonia alikuwa amepanda kutoka Muze, bondeni, kwa ajili ya sauti ya dada yake tu. Macho yake hayaoni tena.

"Huyo anayelia ni dada?" akauliza.

Nikakimbilia kuzima runinga.

Sasa niwape mkanda wenyewe. Mama alirekodiwa siku ya jubilei ya ndoa yake, akitubariki kwa Kifipa, mmoja mmoja kwa jina. Video ilikuwa kwenye diski moja tu ya kuchomeka. Runinga ilikataa kuisoma, kwa hiyo mimi na dada yangu Redempta tukaipeleka studio moja mjini, ya jamaa anaitwa Felisian, aibadilishe. Akaturudishia mwenyewe, ndani ya bahasha safi.

Kesho yake tukamvamia.

Hata hakuinuka. Anakula samaki, mgebuka wa kukaanga, vidole vinang'aa mafuta, na vidole hivyo hivyo viko kwenye kipanya.

"Ni huyu binti, Lydia," akasema, anamnyooshea mwiba wa samaki mfanyakazi wake. "Sehemu ya C ilijaa, kompyuta inakwama. Nikampigia simu alihamishie gemu langu, na video zake, sehemu nyingine. Yeye kaliweka kwenye diski ya watu! Lydia, kusanya vitu vyako."

Lydia akamgeukia. "Bosi, si ulisema I?"

"Nilisema E!"

"Ulisema 'ii'."

Hapo nikaelewa. Jamaa alitamka E kwa Kiingereza. Lydia akasikia I, kama tulivyofundishwa wote darasa la kwanza: a, e, i, o, u. Kwenye kompyuta ile E ni sehemu ya ndani. I ilikuwa diski yetu, imechomekwa pembeni.

Kosa la herufi ningelimeza. Kweli ningelimeza.

"Mama yetu yuko wapi?" Redempta akauliza.

Lydia akatoa simu. "Diski haikuwa na nafasi, nikamwambia bosi. Alinijibu hivi." Akabonyeza ujumbe wa sauti.

"Futa vilivyomo, takataka tu hizo! Gemu langu lisipotee!"

Sauti ya Felisian. Na katikati ya maneno unasikia anatafuna.

"Nikafungua, nikamwona bibi anaongea," Lydia akasema. "Nilishindwa kumfuta. E ilikuwa tupu, nikamhamishia huko. Nikataka kumweleza bosi, akasema nisimsumbue."

Mama yupo! Redempta akamkumbatia yule binti.

"Fungua E," nikasema.

Felisian akaacha kutafuna.

"E niliifomati juzi, nikaifuta yote. Nilikuwa nashusha gemu jipya."

"Uliangalia kilichokuwemo?"

"Nani ana muda huo?"

Studio yote ilininukia samaki. Baadaye fundi mwingine alihangaika na kompyuta ile, akaambulia vipande vya gemu jipya tu. Mama alishafukiwa chini yake.

Tukageuka kuondoka. Felisian akajipangusa vidole kwenye suruali, akasema, nawaapia:

"Samahani jamani, hiyo diski mmekuja nayo? Lile gemu nililishusha kwa shida. Nilihamishe mara moja tu."

Dada yangu ni mwanakwaya, mtu wa adabu zake. Siku hiyo alitema mate sakafuni, mbele ya viatu vyake. Nikamwona ana haki.

Lydia tulitoka naye. Alinitumia ule ujumbe wa sauti, ninao mpaka leo. Yaani mama aliyetutaja mmoja mmoja hatuna, ila Felisian anayemwita takataka yupo kwenye simu yangu, safi, hakwami.

Ndugu zangu, sauti ya mzazi usiiache sehemu moja. Nakili leo, hata kwenye simu ya jirani. Na ukimtajia mtu herufi, mwambie: E ya embe.

Mama mdogo Leonia bado anauliza tutamwekea lini.