Barbados Hawadai Viza, Wanauliza Unafikia kwa Nani

Nilikwenda Barbados kwa sababu dada yangu Mize alikuwa mgonjwa, nami nilitaka kumwona akiwa hai. Sikuwa na sababu nyengine. Mize ndiye aliyenitangulia London kutoka Pemba. Akaolewa na Yusuf, kijana wa Barbados aliyesilimu, wakahamia kwao. Mimi nikabaki hapo London, mtaa wa Ilford, na kazi yangu ya kutunza wazee.

Kabla ya kukata tiketi niliuliza sana, maana sisi wenye pasipoti ya Tanzania tumezoea kudaiwa viza kila tunakogeuka. Kumbe Barbados hawatudai tukienda kutembea. Masharti yapo lakini: pasipoti isiwe karibu kumalizika, tiketi ya kurudi uwe nayo, fedha za kujikimu uwe nazo, na ujaze fomu mtandaoni useme unafikia kwa nani. Nikaandika jina la Mize na simu ya mumewe. Mtaa sikuujua vizuri. Kwetu mtu akifika anauliza kwa fulani, anapelekwa mpaka mlangoni, na mimi nikaona yatosha.

Juma lile la safari nilipita Edgware Road, kwenye maduka ya Waarabu, kumtafutia udi. Mize hakupenda udi wowote ila ule mzito wa Kiarabu, na muuza duka alinichomea vipande kadhaa mpaka nikaupata. Nilitoka pale nguo zinanukia, nimefurahi.

Asubuhi ya kuondoka, ami Kombo, mdogo wa marehemu baba, alitoka Edmonton, upande mwengine wa London, na mkewe Bi Salma wakanisindikiza mpaka uwanja wa ndege. Nilishangaa. Ami ni mtu wa kuaga kwa simu, tena kwa haraka.

"Usimpigie simu njiani, mwanangu," aliniambia. "Hawezi kuzungumza. Nenda tu, Mungu akufikishe salama."

Bi Salma alinikumbatia hakutaka kuniachia, hata nikamtania, "Bi Salma, narudi mie, sihami!" Hakucheka. Nikadhani kachoka.

Ndani ya ndege nilikula kila nilicholetewa. Niliangalia filamu ya kuchekesha, nikacheka peke yangu. Nilikuwa napanga umbea wa kumpelekea: nani kaolewa, nani kaachwa, nani kajenga kwetu Wete nyumba asiyoweza kuimaliza. Nilikuwa na furaha. Nalisema hili wazi kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Bridgetown tulifika mchana, joto la kwetu kabisa. Afisa wa uhamiaji alikuwa mwanamke wa rika langu, mpole. Tukazungumza Kiingereza.

"Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kumtazama dada yangu. Mgonjwa."

"Anwani yake haijakamilika. Ngoja nimpigie simu."

Alipiga pale pale, akaomba kuzungumza na Mize, akamtaja jina lake lote. Kisha akawa anasikiliza. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa imeshuka. Aliweka simu chini.

"Uko na mtu mwengine katika safari hii?"

"Niko peke yangu."

"Shemeji yako yuko hapo nje. Anasema uingie, atakueleza mwenyewe."

"Dada yangu yuko hai?"

Aliitazama pasipoti yangu, hakunitazama mimi. "Pole sana," alisema, akagonga muhuri.

Nje, Yusuf alikuwa analia kabla sijamfikia. "Ami yako alinikataza nisikwambie," alisema. "Aliniambia kwenu mtu hapewi habari ya msiba akiwa peke yake njiani. Lakini afisa alimtaka Mize. Ningemwambia nini?"

Mize alikwishazikwa. Siku ile nilipokuwa Edgware Road nikinusa udi, yeye alikuwa kaburini. Yusuf alinipeleka, nikakaa chini kwenye udongo, nikalia mpaka sauti ikakauka. Siku zilizobaki nilikunja nguo zake, na udi nikauchoma chumbani mwake.

Niliporudi London nilimpigia ami Kombo kabla sijavua koti.

"Ami, mmeniacha nicheke! Nimecheka ndege nzima, dada yangu kazikwa!"

"Sasa ungepanda ndege na msiba kifuani, mwanangu? Nani angekushika?"

Hasira lakini haikuniisha.

Siku hizi watu wa hapa Ilford wakinijia kuuliza habari za Barbados, nawaambia viza hakuna, ila waandike anwani kamili, mtaa na nyumba. Na kabla ya kuondoka wampigie mwenyeji wao, wasikie sauti yake mwenyewe. Wasikubali kuambiwa hawezi kuzungumza.

Mama yuko Wete, moyo wake mbovu, na hajaambiwa. Tunasubiri ami apate ruhusa kazini, aende akamwambie ana kwa ana, majirani wakiwepo. Juzi mama alinipigia.

"Umerudi salama? Mwenzio umemwachaje?"

Nilikuwa nimekaa kitandani. Nilikusudia kusema kweli, wallahi nilikusudia. Nikamsikia anavyopumua kwa shida, na ndani ya nyumba hamna sauti nyengine ila yake.

"Hajambo kidogo, mama," nikasema. "Anakusalimu."

"Alhamdulillahi. Basi mwambie anipigie."

"Nitamwambia, mama."