Blanketi la Ukutani

Harufu ya udongo mbichi uliochanganywa na mavi ya ng'ombe hainipiti hivihivi. Juzi nilikuwa nakatiza uchochoro huku Shanwe, nikamkuta jirani anakandika jiko lake, mikono imezama kwenye karai. Nikasimama. Akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nikaendelea na safari yangu, lakini kichwani nilikuwa nimesharudi Kibaoni, kwenye kibaraza chetu, masika yale ya El-Nino ambayo nyie mliokuwa mmepata akili wakati huo mnayakumbuka.

Baba alikuwa amefariki kabla mvua hazijaanza. Alituacha kwenye nyumba ya matofali mabichi na paa la nyasi: mama, mimi niliyekuwa darasa la pili, na mdogo wangu Faustini ambaye alikuwa hajaanza shule. Baba alikuwa amepanga kuezeka upya kiangazi kile. Akaugua, na nyasi alizokata zikaozea nyuma ya nyumba. Mvua ilipokataa kukatika, maji yakaanza kushukia kwenye ukuta wa mbele, upande wa kulia wa mlango. Ukatokea ufa mwembamba kama uzi. Ukapanuka, na ukuta wenyewe ukaanza kutoa tumbo, mpaka Faustini akawa anapitisha vidole kutoka ndani, mimi navivuta nikiwa nje. Kwetu ulikuwa mchezo mzuri. Mama alipotukuta alituchapa wote, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, kisha akakaa chini palepale kwenye tope.

Halafu mtu aliyetoka gulioni akaleta habari. Baba mdogo, ambaye alikuwa mvuvi kule ziwani Kapalamsenga, amesikia nyumba ya marehemu kaka yake inaanguka. Anakuja na Shangazi wa Shanwe kujionea. Ikiwa ni kweli, Faustini atapelekwa ziwani, mimi nitakaa kwa Shangazi, na mama atarudi kwao Ufipa. Haikusemwa kwa ubaya. Baba mdogo alikuwa mtu wa haki, na nyumba mbovu kweli huua watoto usingizini. Mama hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Alijaribu kwanza kuziba ufa tu. Aliusindilia matambara na udongo, akausiriba. Kiraka kikaonekana tangu barabarani, cheusi juu ya ukuta wa kahawia, kama kovu. Akakibandua, akaziba tena kwa udongo mwekundu wa kichuguu. Kikaonekana zaidi. Alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu, mvua ikimnyeshea, huku tukimwita aje tule naye asiitike. Kisha akaingia ndani, akatoka na blanketi la viraka.

Blanketi lile bibi mzaa mama alilishona kwa mabaki ya fundi cherehani: vitenge, kaki za sare za shule, mashati ya watu, vyote vimekatwa miraba na pembetatu. Alimpa mama siku anaolewa, na tangu baba aondoke tulikuwa tunajifunika watatu. Mama aliniambia nilinyooshe barazani nimsomee. Basi nikawa nasoma: mweupe, mwekundu, pembetatu nyeusi, kijivu. Yeye akachora mistari ukutani kwa kijiti, akaanza kujaza. Udongo mweupe tulichota mtoni, mweusi kwenye majaruba ya mpunga, wa kijivu tukauchanganya na majivu ya jikoni. Samadi tuliomba kwa jirani yetu Msukuma, ambaye alishangaa kidogo, akatoa.

Mimi nilidhani mama amepona msiba. Nilitangaza shuleni kwamba nyumba yetu inavalishwa. Kuku alikanyaga udongo mweupe, akapita juu ya mwekundu pale ukuta unapokutana na kibaraza, akatuachia nyayo ambazo hazikuwa kwenye blanketi la bibi. Faustini akauliza kama nyumba inasikia baridi. Mama alicheka, kicheko kifupi, kikakatika katikati.

Tatizo, udongo haukukauka. Manyunyu yalikuwa yanaingia barazani, rangi zinateleza, mweupe unalia juu ya mweusi. Mama akajaza makaa kwenye karai, akalishika kwa matambara, akawa analipitisha karibu na ukuta, mraba baada ya mraba. Linapopoa analijaza tena. Mikono ilimtoka malengelenge. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, nami nilidhani ni moshi, ingawa makaa yale hayakuwa na moshi.

Alikuwa bado na karai mkononi asubuhi tulipoona watu wawili wanashuka njiani. Alilificha nyuma ya nyumba, akafunga kanga mpya, akawapokea kwa magoti.

Baba mdogo alisimama uani, akautazama ukuta. Uling'aa kama sikukuu. Alisema yeye alielezwa habari nyingine. Mama alimwambia, "Angalia mwenyewe, shemeji." Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

Shangazi alipanda kibarazani, akaweka kiganja juu ya pembetatu nyeusi, akakiacha hapo. Kisha akamgeukia mama.

"Wifi, umepamba lini?"

"Wiki hii."

"Masika haya?"

Mama aliinamisha kichwa. Nilimletea Shangazi kigoda, maana ndiye mkubwa wao, na heshima ilikuwa yake. Akakikataa. Alisema mgongo wake unataka ukuta. Akakaa mkekani, miguu ameinyoosha, akaegemea palepale palipozibwa, wakati rangi yenyewe ilikuwa haijakauka sawasawa. Baba mdogo alipotaka kuukagua ukuta kwa karibu, Shangazi alimwambia akae, anamchosha kwa kuzungukazunguka.

Waliongea mpaka mchana. Baba mdogo alirudia hofu yake kuhusu watoto. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, bila kuuachia ukuta.

"Mwanamke anapata moyo wa kupamba nyumba," alisema, "wewe unasema ameshindwa. Waache mpaka mavuno. Usiku walale jikoni, kule kuna joto."

Ikaamuliwa hivyo. Shangazi alipoinuka, mgongoni kwake kulikuwa na miraba yetu, myeupe na myekundu, imegandia kwenye kanga. Ukutani pakabaki doa lenye umbo lake. Nilinuna hata nikakataa kumsindikiza.

Ukuta ulianguka siku chache baadaye, mchana, sisi tukiwa kwenye majaruba. Ulilalia nje, ukafunika kibaraza chote; sisi tukaendelea kulala jikoni. Kiangazi Shangazi alirudi na vijana na nyasi, wakajenga. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba watu hupamba nyumba kiangazi, baada ya mavuno, na kwamba masika hakuna mwenye akili timamu anayepaka udongo nje. Kila mwanamke aliyewahi kukandika anajua hilo. Baba mdogo hakuwahi kukandika.

Nilimuuliza Shangazi nikiwa mtu mzima, mama akiwa ameshatutoka. Alisema ukuta ule ulikuwa na joto, na ukuta wa masika hauna joto. Alipoegemea, aliusikia unasogea mgongoni.

"Sasa mbona hukuhama, Shangazi?"

"Ningehama, baba yako mdogo angeuona."

Alitushikia nyumba kwa mgongo wake asubuhi nzima. Nami, mtoto wa watu, nilinuna kwa sababu alituharibia viraka.