Rangi Nyekundu Katika Mikoko ya Siyu

Shukrani zote namrudishia Mwenyezi Mungu, aliyeotesha mti katika maji ya chumvi, kisha akampa mja wake umri wa kuutazama ukikua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na sahaba zake. Baada ya hayo, vijana wanaosomea misitu na bahari wameniomba niwaandikie jinsi kazi hii ilivyokuwa wakati wetu, na jinsi nilivyorudi darasani nikiwa mtu mzima. Nitaandika ninayoyakumbuka. Niliyoyasahau nitayaacha huko huko.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya misitu hapa Lamu kabla mlango haujafunguliwa, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Bwana Afisa wa Misitu, mtu wa bara, mrefu na mchache wa maneno, alinitazama akaniuliza kama nakwenda kazini au kusali Ijumaa. Akanipa suruali ya kaki, brashi na kopo la rangi nyekundu. Tulipofika kwenye mikoko alinisimamisha mbele ya mkoko uliokomaa.

"Ukiutia mti rangi, umeuhukumu," alisema. "Mkataji hatakuuliza tena. Kwa hiyo angalia, halafu angalia mara ya pili."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Wakataji walikuwa na vibali, lakini hawakuruhusiwa kujichagulia miti. Mlinzi wa misitu alitangulia, akapaka duara jekundu kwenye shina la kila mti uliofaa kukatwa, akiacha miti mama ya kutoa mbegu. Nilijifunza majina ya miti kwa unene wake: fito, pau, boriti, nguzo, tangu ule mwembamba wa kufungia ukuta hadi ule mnene wa kubeba dari. Nilijifunza kuhesabu kwa korja, yaani miti ishirini ishirini. Nilijifunza pia kwamba kazi ya mikokoni ni ya siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, kwa kuwa siku za maji mafu matope hayaonekani.

Nilipangiwa Siyu, kisiwani Pate, nikakaa huko miaka kumi na minane chini ya mabwana watatu. Mke wangu, Bi Zaina, alibaki katika nyumba ya wazee wake mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, nami nikawa mgeni wake wa mwisho wa juma. Mungu hakuturuzuku watoto. Wakataji wa Siyu niliwafunza mwenyewe: mti wenye nyekundu kata, usio na nyekundu pita. Niliwafunza hata kimo cha kuacha kisiki. Walishika sana.

Bwana wa tatu alikuwa msomi. Siku moja aliifunga ripoti yake akaniambia, "Wewe unaijua mikoko kuliko mimi, lakini mimi ndiye ninayeiandika. Nenda ukasome." Stashahada na shahada ya kwanza nilikuwa nimeshazipata polepole, likizo kwa likizo. Nikiwa na miaka arobaini na tisa nikakubaliwa kusomea shahada ya uzamili katika sayansi ya maliasili, kwenye chuo kikuu huko bara, na ofisi ikaniachilia kwa miaka mitatu.

Vijana, sitawaficha, ulikuwa upweke mkubwa. Siku ya kwanza darasani wanafunzi walisimama nilipoingia, wakidhani mimi ndiye mhadhiri. Walipojua ni mwenzao waliniita "Mdosi", yaani bosi, na kunipisha kwenye foleni ya chakula, lakini hakuna aliyekuja na sahani yake kuketi nami. Baridi ya kule iliingia mpaka kwenye udhu. Nilisali peke yangu katika chumba cha kupigia pasi, nikasoma takwimu na watoto wa umri wa wapwa zangu, na kila baada ya Alasiri nikampigia simu Bi Zaina, tukaongea habari za kisima na za paka.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya jambo nililolitazama maisha yangu yote bila kulipima: mkoko hunenepa kiasi gani kwa mwaka. Nilitenga viwanja kumi na viwili karibu na Siyu, kila kimoja mita kumi kwa kumi. Katika kila kiwanja nilichagua miti, nikaipigilia vibati vya namba, nikapima kipenyo, yaani upana wa shina. Mkoko haupimwi usawa wa kifua cha mpimaji kama miti ya bara, kwa sababu mizizi yake imepanda juu kama miguu ya kaa. Hupimwa juu ya mzizi wa mwisho. Na ili kila mwaka nipime pale pale, nilipaka duara la rangi kwenye shina. Rangi iliyobaki stoo ya ofisi ilikuwa nyekundu.

Mmeshaelewa. Mimi sikuelewa.

Nilipima mwaka wa kwanza, nikapima wa pili. Mwaka wa tatu, mara ya mwisho, nilirudi Siyu nikiwa na jedwali ambalo safu moja tu ilikuwa tupu. Bwana Shee, msimamizi wa wakataji, tuliyefahamiana tangu ujana, alinipokea kwa furaha.

"Mwalimu, mwaka huu umetutilia rangi miti ya maana," alisema. "Tumekata yote uliyotwambia."

Akaingia ndani akatoka na waya mrefu uliotungwa vibati vyangu kama samaki. "Ofisi itataka kuhesabu, nikawawekea. Namba zako hizi hapa, hata moya haikupotea."

Nilikwenda mwenyewe kutazama. Viwanja tisa kati ya kumi na viwili vilikuwa vimekatwa. Miti isiyo na rangi ilisimama bila kuguswa. Visiki vilikuwa safi, kwa kimo kile kile nilichowafunza. Sikupata hata neno la kuwalaumu, kwa sababu walinitii kuliko nilivyowahi kutiiwa na mtu yeyote. Nilikaa juu ya kisiki kimoja mpaka maji yakanifika magotini.

Nilirudi Mkomani. Bila kipimo cha tatu hapakuwa na tasnifu, na likizo yangu ilikuwa inakwisha. Mwanafunzi mwenzangu aliniambia kwa simu kwamba vipimo vya miaka miwili vinatosha kukisia cha tatu. "Jaza tu, mzee, nani atapima kisiki?" Alasiri moja nikaketi mezani nikajaza kiwanja cha kwanza, miti kumi na minne. Namba zilitoka nzuri, nzuri kuliko za kweli. Bi Zaina aliniletea chai, akasimama nyuma yangu.

"Hizi umezipima lini?" aliuliza. "Si miti imekatwa?"

Nilimwambia ukweli: nikizijaza, narudi nyumbani mwezi ujao na sitaondoka tena. Nisipozijaza, naanza upya, miaka miwili. Sote wawili tulisomeshwa chuo cha Kurani tangu utotoni onyo la Mola kwa wapunjao vipimo. Hakunikumbusha. Aliisogeza chai, akaupeleka kwangu ufutio.

"Futa," alisema. "Mimi nitakusubiri."

Nilikwenda bara kumwona Daktari msimamizi wangu, mwanamke niliyemzidi miaka kumi na mitano. Alisikiliza, akatazama waya wa vibati, akacheka kidogo kisha akaacha. Aliniuliza kama nina nguvu ya miaka miwili. Nikasema nguvu ni za Mungu. "Basi andika kosa lako katika sura ya tatu," alisema, "na usijifiche nyuma ya maneno makubwa." Ofisi iliniongezea muda, na nafasi yangu ya Siyu akapewa mwingine.

Safari hii niliwauliza kwanza wakataji. Bwana Shee alifikiri, akasema, "Tia nyeupe. Nyeupe ni ya sanda, hapana atakayeipiga shoka." Wenzake wakacheka, wakasema mwalimu anaivisha mikoko sanda. Lakini hakuna aliyeugusa hata mti mmoja. Nilipima, nikapima, nikapima.

Kipimo cha mwisho kilipokamilika nilirudi bara kuandika. Bi Zaina alikuwa akikohoa kwenye simu, akasema ni vumbi la kufagia dari. Siku moja aliniuliza zimebaki kurasa ngapi. Nikamwambia thelathini. "Basi ni chache," akasema. Asubuhi ya siku ya nne baada ya hapo, shemeji yangu alinipigia kuniambia dada yake ametutangulia, na wanamzika baada ya Adhuhuri. Nilifika Mkomani siku ya tatu, hitima ikisomwa, watu wakanipisha nikae mbele. Wote walijua kwamba aliugua miezi mitano. Aliwakataza wasiniambie.

Kurasa thelathini zile niliziandika hapa, nyumbani, bila mtu wa kuniuliza zimebaki ngapi. Nilipewa shahada. Nilitumikia ofisi miaka mingine sita nikiandika ripoti mwenyewe, kisha nikastaafu. Sasa nasali Alfajiri, nanunua mkate, narudi ndani.

Vijana hunijia na maswali, na mmoja aliniuliza kama ningechagua vingine. Mwaka wa kwanza wa ujane wangu ningemjibu kwamba ndiyo. Kwamba namba za kubuni za viwanja tisa zingeninunulia miaka miwili karibu naye. Siku hizi sijibu haraka hivyo. Nilichopewa ni mke aliyenitaka nirudi kwake nikiwa mkweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipia. Namshukuru Mola kwa ajili yake, na hiyo shukrani haiondoi upweke. Viko vyote viwili, katika nyumba moja.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye manufaa na mkono usioandika usichokipima. Akujaalie mtu wa kukungoja, na akurudishe kwake mapema. Amin.