Bluu Yupo, Nyekundu Hayupo

Kalamu zile zilinuka spiriti. Ukifungua kifuniko tu, harufu kali ilikupanda puani ikakutoa machozi, na chumba chetu cha mabati kule Kawangware, ambacho siku zote kilinuka mafuta ya taa na sabuni ya kipande, kilianza kunuka kama chumba cha daktari. Mpaka leo nikiingia duka la vitabu pale Adams Arcade, nikamkuta mtoto wa mtu akijaribu kalamu ya rangi kwenye kikaratasi, mabega yangu hupanda yenyewe hadi masikioni. Nilikuwa darasa la tano mwaka huo. Nausimulia nikiwa bado na hasira, na sina nia ya kumpaka mtu yeyote mafuta kwa mgongo wa chupa.

Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo lililokwenda Malaba mpakani na kurudi. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti nzuri ya kuimba kanisani, na alimpiga mama. Simjui baba mwingine ambaye ningeweza kumweleza kwa namna tofauti. Jino la mbele la mama lilikuwa limetoka kwa sababu ya chumvi iliyozidi kwenye mboga, na kovu lililokuwa juu ya nyusi yake lilitokana na mlango uliochelewa kufunguliwa. Mama alifagia na kupika chai katika ofisi moja Hurlingham, na kila Desemba mabosi walipopata zawadi za wateja, yeye alipewa shajara moja iliyobaki, ile ambayo sisi sote tuliiita dayari. Mwaka huo alininunulia na kalamu za rangi nne. Akaniambia mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake, nimpangie siku zake, maana zamu za ofisini, choo cha kuosha kwa zamu pale plotini, mikutano ya shule na safari za baba vilikuwa vinamchanganya.

Shuleni nilikuwa kiranja, na mwalimu wetu aliniachia nibebe rejista ya darasa. Aliyekuja aliandikwa kwa wino wa bluu. Aliyekosa aliandikwa kwa wino mwekundu. Nami nilipopanga siku za mama, sikuhitaji kufikiri: kijani zamu zake, nyeusi shule na kanisa, bluu siku ambazo baba yupo, nyekundu siku ambazo hayupo. Mpango ule ulitusaidia sana. Siku ya bluu nyama ilinunuliwa mapema, viatu vikaondolewa njiani, redio ikazimwa, nami nikamaliza kazi ya shule kabla giza halijaingia. Mama alivaa sweta zito hata kama jua linawaka, kwa kuwa sweta hupunguza makali ya mkanda. Siku nyekundu tulipika chapati. Mama alifungua redio akacheza na mwiko mkononi, akicheka na lile pengo lake wazi, na mimi nikakaa mezani nikichora maua kuzunguka tarehe. Nilichora maua mengi. Wino ulipenya karatasi ukatokea upande wa pili, hata siku ya bluu iliyofuata ikawa na madoa mekundu.

Lori liliharibika njiani siku moja, na baba akarudi wakati hatukumtarajia. Nakumbuka ilikuwa alasiri, mvua imenyesha, mama anapiga pasi nguo za kanisa kwa pasi ya makaa. Baba aliketi, akaivuta dayari pale mezani akitafuta kipande cha karatasi cha kuwashia sigara. Akaifungua penye maua mekundu. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine.

"Mama Naliaka," akasema polepole. "Hii maua ni ya nani?"

"Ni mtoto alichora. Ni kazi ya mtoto tu."

"Nimekuuliza vizuri. Siku zenye niko, hakuna maua. Siku zenye niko Malaba, maua, maua, maua. Nani hukuja hapa?"

Mama alicheka kidogo, kile kicheko cha kuomba, na kicheko hicho ndicho kilichomharibia. Baba alimshika mkono akaukunja mgongoni, akaendelea kuukunja akiuliza jina la mwanamume ambaye hakuwahi kuzaliwa. Niliusikia mfupa. Ulitoa mlio mdogo, wa kawaida kabisa, kama kuni inayovunjwa kwa goti. Mama hakupiga kelele. Mama hakuwahi kupiga kelele, kwa ajili ya majirani. Ni mimi niliyepiga.

"Baba, si mtu! Nyekundu ni wewe hauko! Ni kama rejista!"

Akageuka. "Na maua?"

Nilikuwa mtoto, na nilidhani ukweli utatuokoa. "Maua ni yetu," nikamwambia. "Ukiwa hauko huwa tunafurahi."

Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Kwa mume mwenzake wa kubuni alikuwa na hasira, lakini kwa hili alikosa hata tusi. Alimwachia mama akauvua mkanda, akanijia mimi. Pigo la kwanza lilinipata shingoni, la pili lilinipasua sikio kwa chuma cha mkanda, na la tatu sikulipata. Mama, ambaye miaka yote alipigwa bila kuinua hata kidole, aliinua pasi ile kwa mkono wake mzima na kumpiga nayo kichwani. Makaa yalimwagika sakafuni. Akampiga tena alipokuwa akianguka, na ningekuwa muongo nikisema nilitaka aache.

Mama Kevo wa chumba cha pili aliingia na sufuria ya maji, akazima makaa kwanza, kisha akamtazama baba. "Anapumua," akasema. "Dada, toka na mtoto sasa hivi, kabla hajaamka." Tulitoka na nguo tulizovaa. Mimi nilikuwa nimebana dayari kwapani, sijui kwa nini, labda kwa sababu kiranja haachi rejista. Damu ya sikio langu iliyoidondokea ilikuwa nyekundu tulipoanza kutembea. Tulipofika kwa mama mkubwa Kangemi, ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

Wiki chache baadaye, mkono wa mama ukiwa ndani ya plasta, nilimuuliza kama niendelee kuandika nyekundu, kwa sababu sasa baba hayupo kila siku. Nilimwambia pia kwamba ni kalamu zangu ndizo zilizoleta yote yale. Alinitazama kwa ukali. "Kalamu haikuvunja mkono wa mtu," akasema. "Haya niambie, mtoto akihama shule, mwalimu hufanya nini na jina lake?"

"Hulikata kwa mstari."

"Basi piga mstari."

Nikapiga, kwa rula.

Leo nafanya kazi Hurlingham, mitaa miwili tu kutoka ile ofisi ambamo mama alipika chai. Nina dayari yangu mezani, wenzangu wanapanga siku zao kwenye simu na kunicheka na kalamu zangu. Katika mkebe wangu nyekundu haimo. Mama anaishi nami, mkono wake haukunyooka tena, na siku akifurahi bado anacheza na mwiko kwa ule mwingine.

Baba alifariki mwaka huu. Tulikwenda kumzika, mama akiwa mbele, amevaa gauni la mikono mifupi ili kila mtu auone ule mkono. Ndugu za baba waliona wakainamisha macho. Waimbaji waliimba nyimbo alizozipenda. Tulikaa karibu na jeneza kuanzia asubuhi mpaka udongo ulipolifunika, na jioni, ndani ya gari, nilifungua dayari kutafuta rangi ya kuiandika siku ile. Nilimrudisha kwenye rejista kwa siku moja. Niliandika jina lake kwa bluu, kwa sababu alikuwepo, kutwa nzima, na hakuna aliyeumia.