Fungu la Aliyekwenda Kuchunga

Iko siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na kwa miaka mingi nimeapa kwamba sikuwapo. Mwanangu, kama umewahi kukaa kwenye semina ya walimu huku kwetu, iwe Tarime au Serengeti, bila shaka umesikia habari za yule mwanachuo aliyefundisha hesabu za sehemu kwa kutumia ugali, na darasa likaila zana kabla kengele haijagongwa. Kila mwaka hadithi inaongezwa chumvi. Siku hizi wanasema kulikuwa na mboga. Nilikuwa nikicheka pamoja na wenzangu, tena kwa sauti, na safari moja nilithubutu kusema kwamba mwalimu yule lazima alitoka ng'ambo ya mpaka, Isebania huko. Lakini mficha uchi hazai. Mwalimu yule ni mimi, na mboga haikuwapo.

Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi upande wa Ringwani. Mwalimu Ghati, mkufunzi wetu wa hisabati, alikuwa anakuja kutazama somo langu, na somo hilo ndilo lingeamua kama nitamaliza chuo pamoja na wenzangu au nitabaki nyuma kurudia. Huko nyumbani Sirari hakuna aliyewaza habari za kurudia. Mama yangu aliuza vitenge, na ukishamwambia jambo huna haja ya redio. Alikuwa amekwisha kuwatangazia wateja wote kwamba namaliza chuo, akavuka mpaka kuwaalika dada zake, na gauni la sherehe limekatwa.

Mwalimu Ghati alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya upole. Alipenda kuketi dawati la nyuma kabisa, magoti yakiwa karibu na kidevu, kama mwanafunzi aliyerudia darasa hadi akazoeleka. Tulimwogopa kwa swali lake moja. Akiona zana yako aliuliza, kwa upole uleule, "Hii inafanya kazi gani ambayo mdomo wako hauwezi?" Wenzangu waliokuja na chati za manila zilizopambwa kwa maua ya rangi tatu walitoka pale wakilia.

Mimi nilikuwa na shida ya kweli. Watoto wa darasa la nne walishika msimamo kwamba moja ya tano ni kubwa kuliko moja ya nne, kwa sababu tano ni kubwa kuliko nne. Nilikuwa nimechora miduara ubaoni mpaka chaki ikawa unga. Walinitazama kwa huruma, wakaniandikia majibu yaleyale. Ndipo likanijia wazo la ugali. Mwalimu aliyenipokea nyumbani kwake alinikuta asubuhi nasonga unga wa muhogo na mtama kwa nguvu zote, maana niliutaka mgumu, unaoweza kukatwa kwa kisu. Akaniuliza kama ninalisha wajenzi wa barabara. Nikaufunika kwa kitambaa ndani ya sufuria, nikajitwika, nikaenda shuleni nimejaa maringo. Mkono mtupu haulambwi, nilijiambia, na wangu haukuwa mtupu.

Nikaita watoto wanne mbele. Marwa akawa baba, Bhoke akawa mama, wengine wawili wakawa watoto wao. Marwa alibadilisha sauti palepale ikawa nzito, akauliza maji ya kunawa yako wapi. Nikampa Bhoke kisu, nikamwambia aigawie familia yake sawasawa. Nilitarajia akate mara mbili, nipate robo zangu, Mwalimu Ghati azione, nami niende zangu chuo kumaliza. Bhoke akautazama ugali, akaitazama familia, midomo ikimchezacheza kwa kuhesabu, akakata vipande vitano.

Nikadhani ni woga. Nikavikusanya vipande, nikaufinyanga ugali ukawa mzima tena (chati gani itakufanyia hivyo?), nikamrudishia kisu. Akakata vitano tena. Nikamuuliza familia yake ina watu wangapi. Akasema wanne. Vipande je? Vitano.

"Na hicho cha tano ni cha nani?"

"Cha aliyekwenda kuchunga."

Darasa zima likatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimeuliza jua linachomoza upande gani. Nikaeleza kwamba katika hesabu hii hakuna mtu aliyekwenda kuchunga. Bhoke akafikiri kidogo.

"Kwani mwalimu, ng'ombe wanajichunga?"

Ningeweza kumuuliza kwa nini huyo mchungaji hayuko shuleni, lakini hilo lilikuwa somo la siku nyingine. Mwanangu, jambo lile nililijua. Nyumbani kwetu pia chakula cha aliyechelewa mpakani kilifunikwa, na ole wako ukikigusa. Lakini mlangoni mwa darasa nilikuwa nimevua vyote nilivyovijua, kama mtu anavyovua viatu vyenye tope. Nikamwamuru akate vinne. Akakiweka kisu chini kwa adabu, akasema hawezi, bibi yake akisikia atasema hakulelewa.

Hapo darasa likawaka. Wengine kwa Kiswahili, wengi kwa Kikurya, kila mmoja akijua namna ya kumwokoa mchungaji. Mmoja alitaka kila mtu amege chake kidogo na kumchangia. Mwingine alisema watoto wawili wale kipande kimoja, wasije wakashiba wakalala darasani. Marwa, kwa sauti yake nzito, akatangaza kwamba baba ana mgeni, kwa hiyo vikatwe sita. Kukatokea mlio wa huzuni. Kijana mmoja, ambaye jana yake alikuwa ameniapia kwamba moja ya tano inaizidi robo, akasimama kumsihi baba amfukuze mgeni, kwa sababu watu wakizidi vipande vinakuwa vidogo.

Lile ndilo neno nililokuwa nimelitafuta kwa chaki zote zile. Limesemwa mbele yangu, na sikulisikia, nilikuwa nazitetea robo zangu. Kutoka nyuma Mwalimu Ghati akasema tu, "Mwache agawe."

Nikamwacha. Ugali ukafinyangwa, ukakatwa sita. Kila tulipoufinyanga upya mtoto mmoja alikuja ubaoni kuandika ni sehemu gani, na kila namba ya chini ilipokua darasa liliugua kwa pamoja. Sijapata kuona tena watoto wakiomboleza moja ya saba. Wakati huo nilikuwa nacheka, nimesahau gauni, nimesahau mama na majirani zake wote.

Kisha Bhoke akafanya alivyolelewa. Alichukua fungu la mgeni kwa mikono miwili, akapita katikati ya madawati, akapiga goti kidogo na kumpa Mwalimu Ghati. Mkufunzi wangu akala. Na mgeni akishakula, wenyeji nao wana ruhusa. Sina namna ya kueleza kasi ya yale yaliyofuata. Kengele ilipogongwa kulikuwa na sufuria, kisu, na kipande kimoja ambacho mikono yote ile haikukigusa. Bhoke alikifunika kwa kitambaa changu akaenda nacho kwao.

Nje, Mwalimu Ghati alikuwa anajifuta vidole. Nikaanza kuomba radhi kwa sababu zana zilitakiwa zibaki darasani baada ya somo. Hakujali hilo.

"Ulileta ugali," akaniambia, "halafu ukawakataa walaji wake. Yule mtoto angekutii, usingekuwa na somo."

Nikamuuliza kama nimefaulu. Akasema hajui bado kama nimefundisha au nimelisha. Akapanda nyuma ya pikipiki, akaniambia atanipigia.

Mwanangu, najua wewe unayeanza kufundisha una kompyuta na picha za keki zilizokatwa kwa rula. Sikucheki. Mchele mmoja, mapishi mengi, na mimi mwenyewe baadaye chuo kikuu niliandika kuhusu zana kurasa nyingi ambazo sikuzisoma mara ya pili. Nasaha yangu ni hii. Kitu chochote unachomletea mtoto darasani, kiwe kizibo cha soda au gunzi la mahindi, kina kwao. Kina watu wanaokitumia na desturi zinazokifuata, na mtoto amewajua kabla hajakujua wewe. Usikiingize darasani peke yake ukawafungia wenzake nje. Mtoto akikitumia tofauti na ulivyopanga, kabla hujamsahihisha muulize kwa nini, kisha unyamaze mpaka amalize. Na usiipende zana yako kupita kiasi. Jembe halilali shambani. Kazi ikiisha hurudi nyumbani, na mbegu zinabaki zikiota.

Simu ilikuja wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko. Siku zile mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, penye mlingoti wa bendera, kwa simu ya mwalimu mkuu, naye alikuja kuniita akikimbia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya mkuu wa wilaya. Mwalimu Ghati hakutaka kuzungumza nami. Alitaka mtoto mmoja wa darasa lile, asiwe Bhoke wala Marwa. Nikamwita Nyangi, aliyeketi pembeni na ambaye hakuwa amenyoosha mkono tangu nifike.

Nilisikia upande wake tu. Shikamoo bibi. Ndiyo bibi. Kisha akasikiliza, kidole cha mguu kikichora mchangani. "Kwa yule mwenye watoto watatu," akasema. Akasikiliza tena. "Kwa sababu kwa yule mwenye wanane wako wengi, kila mmoja atapata kidogo." Akacheka, akanipa simu.

"Nimemuuliza habari za wazee wawili wenye mashamba yanayolingana, wanaowagawia watoto wao, ni kwa nani mtoto atapata shamba kubwa," Mwalimu Ghati akasema. "Sikutaja ugali, na yeye hakuuhitaji. Umefaulu."

Nikaanza kushukuru, hakunisubiri nimalize. Akaendelea.

"Mungu akupe wanafunzi wabishi, mwanangu, na akupe masikio ya kuwasikia."

Salio lake likaisha hapo. Nilibaki mlingotini nikiitikia amina kwenye simu iliyokatika, na amina hiyohiyo naiitikia leo kwa ajili yako.