Baraka na Barakoa

Katika ukoo wa Matonya hakuna aliyesafiri bila kupita Makole kwa Penina atemewe mate. Uwe unakwenda jeshini, uwe unakwenda kuolewa Kondoa, kwanza ulisimama mbele ya yule mama. Naye alipiga funda la maji, akalizungusha mdomoni hadi lichanganyike na mate yake, akakupulizia usoni na kifuani huku akiwataja waliotangulia. Jumapili aliimba kwaya ya akina mama na hakuona kinachogongana. Mungu ndiye aliyeumba mate, alisema, au mnadhani yalinunuliwa dukani?

Mdomo huo ulikuwa na sifa nyingine. Majirani wakipika mlenda wa shughuli walimwita aonje, naye aliwaambia bila haya nani kazidisha magadi na nani kapika maji ya kuoshea vyombo. Walimnunia, kisha shughuli nyingine ikija wakamwita tena.

Ule mwaka wa barakoa, mdomo ulimgeuka. Alionja mlenda wake mwenyewe akaona hauna kitu. Akaongeza chumvi, akaonja, akaongeza tena. Jirani yake Sidonia alipotia tonge mdomoni alilitema palepale, wakacheka wote kwamba uzee umeingia jikoni. Halafu mate yenyewe yakawa ya kutafuta, ulimi ukashikana na kaakaa. Penina akalaumu upepo wa kiangazi na vumbi la Dodoma, ambavyo watu wa huku huvilaumu kwa kila jambo.

Ugonjwa hakuuwaza. Mtaani kila mtu aliuita changamoto ya upumuaji, na yeye alikuwa anapumua vizuri kabisa. Hakohoi, hana homa. Kwa akili yake, ugonjwa wa kupumua makao yake ni kifuani, na mdomo una mambo yake. Jina lilimdanganya, na wala hakuwa peke yake.

Ndipo alipokuja Nathanaeli, mdogo wake wa mwisho. Mama yao alifariki Nathanaeli akiwa bado ananyonya, na Penina ndiye aliyekuwa akimtafunia ugali wa uwele na kumlisha. Sasa alikuwa mtu wa mvi na kisukari, anakwenda Singida kumposea mwanawe. Alisimama mbali kidogo, barakoa yake usoni, akaomba kwamba safari hii aombewe kwa maneno tu.

"Baraka haipiti kwenye barakoa," Penina alimwambia. "Ivue hiyo."

Akaivua huku akicheka, maana nani aliwahi kumshinda Penina kwa maneno? Na kwa kuwa mate yalikuwa haba, Penina alikaa na funda lake muda mrefu kuliko desturi. Alilipitisha kwenye fizi, akalirudisha chini ya ulimi, akikamua hata tone la mwisho, kwa sababu hakutaka kumpunja. Kisha akampulizia yote.

Nathanaeli alirudi kutoka Singida akiwa amelala kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, akapelekwa moja kwa moja hospitali na kuwekewa oksijeni.

Violeth, mjukuu wa Penina anayesomea uuguzi Chimwaga, alikuja kukaa na bibi yake. Alipomsikia akilalamikia chakula kisicho na ladha, aliweka sahani chini akaanza kumuuliza maswali, kisha akaeleza. Kirusi cha ugonjwa huo hakikai kifuani peke yake. Huingia kwenye seli za ulimi na fizi, na kwenye tezi zinazotengeneza mate, kikazaliana humo humo. Ndiyo maana wengine hupoteza ladha na kukaukwa mdomo, na mate yao hubeba ugonjwa hata kama hawakohoi. Alieleza kwa furaha ya mwanafunzi aliyeelewa somo, mpaka alipouona uso wa bibi yake.

"Kwa hiyo ulikuwa kwenye mate yangu," Penina alisema.

Violeth alijaribu kurudisha maneno nyuma. Huenda babu aliupata kwenye basi, au huko huko posani, nani ajuaye? Kweli, hakuna aliyejua. Lakini Penina alikwisha kujihukumu. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, na wake ulikuwa umeponza kichwa cha mtu mwingine. Akaondoka kwenda hospitali, akarudishwa getini, akaambiwa yeye mwenyewe ajitenge nyumbani. Alikaa kitandani mikono mapajani. Hakuwa na la kufanya, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.

Jioni moja simu ililia. Muuguzi alikuwa amemshikia Nathanaeli.

"Shikamoo, dada." Alivuta pumzi kati ya neno na neno. "Nitemee tena. Ile ya mwanzo imeniishia njiani."

Penina alitaka kumwambia habari ya yale mate. Violeth, akilia kimya nyuma ya barakoa, alimsogezea kikombe cha maji. Penina akapiga funda, akalishika mdomoni bila kulizungusha, akaitazama ile simu.

"Mbona kimya, dada? Nimeshafumba macho."

Aliyameza maji yote.

"Tayari," akamwambia.

"Ahsante," Nathanaeli alisema, na sauti yake ilionyesha kabisa kwamba ameridhika.