Ubao Ndani ya Kanzu

Kila nikitaka kukicheka kisa hiki, namkumbuka baba. Nilipokuwa kijana pale Kasongo, enzi za Wabelgiji, mgongo wangu ulipinda, na majirani walimtania baba: "Mutoto wako anatafuta nini chini?" Akanipeleka hospitali. Munganga akaniagiza nijinyooshe ukutani kila asubuhi. Mimi nikaenda kuzurura mji wa Wamaza, nikitazama mambo ya watu.

Idi ilipofika, nilijifunga ubao mgongoni kwa kamba, ndani ya kanzu, ili nionekane nimepona. Baba akanishika mkono hadi safu ya mbele msikitini, akawaambia majirani:

"Mumuone sasa! Iko sawa kama nguzo!"

Imamu akarukuu, msikiti wote ukarukuu, mimi nikabaki wima. Nikajilazimisha kuinama; kamba ikakatika. Baba, akiwa bado ameinama, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona ubao ukianguka miguuni pangu.